Hilux imeunguza gasketi mara mbili: usinunue injini kabla ya kupima

Marahaba dada yangu, na pole kwa hasara. Kwa ajili ya wengine watakaosoma, shida yako ni hii. Una Hilux ya injini ya 3L (jina la modeli, si lita tatu), dizeli isiyo na turbo, inayopeleka viazi Dar es Salaam kutoka Njombe na kurudi na bidhaa za dukani. Ilichemsha ikipanda mlima Kitonga. Dereva anasema mshale wa joto ulipanda hadi juu kabisa, maji yakamwagika, kisha mshale ukashuka wenyewe. Akaona gari limepoa, akaendelea, na injini ikamzimikia karibu na Ilula. Fundi akasema gasketi ya silinda hedi imeungua, akaweka mpya. Miezi miwili haijapita, gari limeanza tena: maji yanapungua, yanasukumwa kwenye kikopo cha akiba, na likipewa mzigo na mlima linachemsha. Fundi wa pili amekwambia injini imekwisha, tafuta nyingine ya mtumba. Unauliza kama anasema kweli au unaliwa.

Huenda anasema kweli, ila hajakuonyesha ushahidi. Injini hailaaniwi kwa kutazamwa tu. Na kuna jambo ambalo kwenye maelezo yako yote sikuliona: hakuna fundi aliyekwambia kwa nini gari lilichemsha ile mara ya kwanza. Gasketi haiungui bure. Kuna kitu kiliiunguza, na kwa jinsi ulivyoeleza, kitu hicho bado kimo ndani ya gari lako. Ukinunua injini nyingine ukaifunga kwenye rejeta ileile, kifuniko kilekile na feni ileile, nayo itaungua, na safari hiyo utakuwa umeunguza fedha nyingi zaidi.

Nianze na ule mshale, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Kipima joto cha gari hakipimi joto la chuma. Kinapima joto la maji yanayokigusa. Maji yakimwagika, kihisio kinabaki kwenye mvuke au kwenye utupu, na mshale unashuka huku hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, ikizidi kuwaka. Dereva hakuwa na nia mbaya, aliamini alichokiona. Lakini kipande hicho cha barabara, kutoka mshale ulipoanguka hadi injini ilipozima, ndicho kinachonipa wasiwasi kuliko gasketi yenyewe. Hedi iliyopelekwa kavu juu ya mlima na mzigo mgongoni mara nyingi hupinda, na mara nyingine hupata ufa. Fundi aliyebadilisha gasketi bila kuipima hedi hiyo alikuuzia miezi miwili.

Sasa kuhusu gasketi yenyewe, ili fundi akizungumza umfuate. Imelala kati ya bloki, yaani mwili wa injini wenye silinda, na hedi, na inatenganisha vitu vitatu ambavyo havitakiwi kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupozea, na oili. Injini yako inabana hewa takriban mara 22, zaidi ya mara mbili ya injini ya petroli ya kawaida, ndiyo maana kosa dogo la usawa wa chuma ambalo petroli ingelivumilia, dizeli hailivumilii. Na gasketi haina namna moja ya kuungua. Inategemea ukuta gani umevunjika. Moto ukipenya kwenda kwenye maji, presha ya silinda inasukuma maji nje ya rejeta: ndicho unachokieleza wewe. Maji yakipenya kwenda kwenye silinda, unapata moshi mweupe na injini inayotetemeka asubuhi. Maji na oili vikikutana, oili inageuka rangi kama chai ya maziwa. Silinda mbili za jirani zikifunguliana, gari linakosa nguvu na kutetemeka bila hata tone la maji kupotea. Na kuna kuvuja kwa nje, pembeni ya hedi, ambako ndiko kwepesi kuliko zote kwa sababu kunaonekana kwa macho.

Hapo kuna mitego miwili, hasa kwa mtu wa Njombe. Wa kwanza ni moshi mweupe wa alfajiri. Mwezi wa saba huko kwenu kuna baridi kali, na dizeli yenye hita plagi mbovu (vile vijiti vinavyopasha silinda moto wakati wa kuwasha) itatoa moshi mweupe kila asubuhi hata kama gasketi ni nzima kabisa. Moshi huo ni dizeli isiyoungua: unawasha macho, unanuka mafuta, na unaisha injini ikipata joto. Mvuke wa maji hauwashi macho, na kama kuna kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta) ndani unanukia utamu fulani. Mtego wa pili ni ule utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Kwenye baridi, gari linalopiga safari fupi fupi hukusanya unyevu hapo. Ufute, uangalie kijiti cha kupimia oili. Kama oili ya kwenye kijiti ni safi na kiwango hakipandi, usikubali hedi ifunguliwe kwa sababu ya utando huo peke yake.

Vipimo vya kuthibitisha havihitaji mashine kubwa, na vingi unaweza kusimamia mwenyewe. Kile ninachokiamini zaidi kinafanyika asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na ni baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi mdomoni, funga. Washa, na uweke mkono kwenye mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Maji bado ni ya baridi, kwa hiyo mpira unatakiwa kuwa laini. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili huku ungali baridi mkononi, presha hiyo haikutoka kwenye joto. Imetoka kwenye silinda.

Kisha zima, fungua kifuniko taratibu kwa kitambaa ili presha itoke, ongeza maji, na mwambie fundi alegeze mkanda unaozungusha wota pampu ili maji yatulie. Washa kwa dakika moja tu, kifuniko kikiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki kwenye mipira, yataisha. Mapovu yanayotoka kwa mfululizo, yanayozidi fundi akipiga resi, ni moto wa silinda. Kwenye injini yako yenye pampu ya dizeli ya zamani, fundi anaweza kwenda mbali zaidi: injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), analegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli moja baada ya nyingine, kila moja kwa muda mfupi. Silinda ambayo ukiinyima dizeli mapovu yanapungua, ndiyo yenye tatizo. Naomba wenye Hilux mpya za D-4D wasijaribu hili hata kidogo. Mabomba ya injini zile yana presha inayozidi baa 1,000, na dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi na kuharibu mkono.

Kuna dawa ya majimaji ya bluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, ikikutana na hewa ya moshi inageuka njano. Ni kipimo kizuri, lakini kwa dizeli kina udhaifu: injini ya dizeli ikiwa silensa inavuta hewa nyingi kuliko inayoitumia, kwa hiyo moshi wake una kaboni dayoksaidi kidogo. Dawa inaweza kubaki bluu na gasketi ikawa imeungua. Ikigeuka njano, amini. Ikibaki bluu, usiseme umepona. Gari lipewe kazi kwanza, mlima na mzigo kidogo, kisha lipimwe tena.

Halafu kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana hewa. Fundi anatoa hita plagi zote, anachomoa waya wa kuruhusu dizeli kwenye pampu, anafunga geji kwenye tundu moja moja na kupiga stata. Lazima iwe geji ya dizeli, ya petroli haifiki huko na itaharibika. Kwa injini za familia ya L za Toyota, silinda nzima hutoa kilo 32 hivi au zaidi kwa sentimita ya mraba, mwisho wa kuvumilika ni 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 5. Mwambie aandike namba zote nne kwenye karatasi. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, huo ni ukuta wa gasketi kati yao. Zote nne zikiwa chini, hapo tatizo si gasketi tu, ni pistoni na ringi au valvu, na yule fundi wa pili anaanza kuwa na hoja.

Onyo moja kabla sijasonga mbele. Kama asubuhi stata inazunguka kisha inagoma ghafla kama imegonga kitu, mkataze dereva asiendelee kuipiga. Maji yanaweza kuwa yamejaa kwenye silinda, na maji hayabanwi. Kitakachokubali ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni kwa chini, itapinda. Zitolewe hita plagi kwanza, injini izungushwe, maji yaruke nje.

Sasa turudi kwenye lile swali ambalo hakuna aliyelijibu. Gari lilichemsha kwa nini? Mimi ningeanza na kifuniko cha rejeta, kwa sababu ndicho kitu rahisi kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Juu yake kwa kawaida pameandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo springi yake inaishikilia kabla ya kuruhusu maji kutoka. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi huko yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, si 100. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji yaleyale hayachemki hadi yafike karibu nyuzi 115. Kikifa springi, au mpira wake ukikatika, umepoteza nyuzi zaidi ya 20 za akiba, na injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 90 haina tena pa kujificha mlimani. Nunua kingine chenye namba ileile. Usiweke chenye namba kubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu, utapasua mipira na rejeta.

Cha pili ni thamostati, kile kivalvu kinachofunguka maji yakipata joto ili yaende kwenye rejeta. Naomba uulize moja kwa moja: ipo au ilitolewa? Mafundi wengi wanaitoa wakiamini maji yatapita vizuri zaidi na gari halitachemsha. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha chini ambacho, ikifunguka, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupozwa. Tambarare hutaona tofauti. Kwenye mlima wenye mzigo utaiona. Kama ilitolewa, irudishwe. Kama ipo, itumbukizwe kwenye sufuria ya maji na kupashwa: ikianza kufunguka kabla maji hayajachemka, ni nzima.

Rejeta ndiyo inayofuata, na hapa nataka uangalie kwa macho yako. Ukiona ndani ya mdomo wake kutu ya rangi ya udongo, au utando mgumu mweupe, mabomba ya ndani yamekwishaanza kuziba. Hiyo ndiyo hasara ya kujaza maji ya mtoni na ya bomba miaka yote badala ya kulanti. Kwa nje, vile vipezi vyembamba vya shaba au aluminiamu vikijaa tope na wadudu, hewa haipiti. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kutoka mbele, maana utasukuma uchafu ndani zaidi. Gari likichemsha, lizime lipoe kidogo, kisha gusa rejeta: ukikuta sehemu moja ni ya baridi na nyingine ya moto, sehemu ya baridi imeziba. Ipelekwe kwa fundi rejeta ifunguliwe na kusafishwa kwa vijiti, au inunuliwe nyingine.

Feni ya Hilux yako ina klachi ya mafuta mazito katikati. Gari likiwa la moto na limezimwa, izungushe kwa mkono: inatakiwa kukataa. Ikizunguka kwa uhuru, klachi imekufa. Na lile kava la plastiki linaloizunguka feni, ambalo hutolewa ili kurahisisha kazi kisha halirudishwi, lina kazi kubwa. Bila hilo, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya hewa iliyopita kwenye rejeta. La mwisho, muulize dereva kama kuna mtu aliyewahi kuifungulia pampu ya dizeli ili gari liwe na nguvu. Moshi mweusi mlimani ni dalili. Dizeli ya ziada ni joto la ziada, na hakuna rejeta iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Baada ya hapo ndipo hedi ifunguliwe. Uwepo siku hiyo ukiweza. Injini iwe imepoa usiku mzima, na bolti zilegezwe kidogo kidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kuzifungua kwa haraka zikiwa na moto ni njia ya kuipinda hedi ambayo ilikuwa nzima.

Gasketi ya zamani ikitoka, usikubali itupwe. Ilaze juani uisome. Kuzunguka kila tundu la silinda kuna pete ya chuma. Tafuta mahali ambapo kutoka kwenye pete hiyo kumetoka mchirizi mweusi wa masizi unaokwenda hadi kwenye kitundu cha maji: hapo ndipo moto ulipopita, kwa upana wa kidole au chini ya hapo. Sasa ugeuze macho kwenye hedi na bloki, sehemu ileile. Kama unayo bado gasketi ya kwanza, zilinganishe. Mchirizi ukiwa mahali pamoja kwenye gasketi zote mbili, chuma hapo kina shimo, kimepinda, au kina ufa, na gasketi ya tatu itapita njia hiyohiyo. Ukiwa mahali tofauti, au gasketi nzima imekauka na kukatika katika kama mkate mkavu, basi ni joto lililoimaliza, na lawama inarudi kwenye rejeta na wenzake.

Hedi iende kwa fundi mashine, nayo ifanyiwe mambo mawili kabla ya kukatwa chochote. La kwanza ni usawa: rula ya chuma iliyonyooka inawekwa juu ya uso wake kwa urefu, kwa upana na kwa pembe mbili za kukatisha, na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, inajaribiwa chini yake. Milimita 0.20 ndiyo mwisho kwa injini yako. La pili ni ufa. Macho hayatoshi, na hata kwa kuosha hutauona. Kuna rangi nyekundu inayopuliziwa, inafutwa, kisha unapuliziwa unga mweupe, na mahali penye ufa nyekundu inajitokeza. Kilicho bora zaidi ni kuziba matundu yote ya maji, kuijaza hedi hewa yenye presha na kuitumbukiza kwenye maji ya moto, kwa sababu kuna nyufa zinazofunguka chuma kikipata joto tu. Waangalie hasa kati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa, na kuzunguka zile chemba za moto, vyumba vidogo ndani ya hedi ambamo dizeli huanza kuwaka. Hedi yenye ufa uliofika kwenye maji, mimi sishauri ichomelewe kwa gari linalobeba mzigo milimani. Inaweza kushika mjini kwa muda. Kitonga haitashika.

Ikiwa imepinda bila ufa, watataka kupiga fesi, yaani kukwangua uso wake kwa mashine hadi unyooke. Kwenye dizeli jambo hili lina mipaka. Pistoni za injini yako zikifika juu zinachomoza kidogo juu ya uso wa bloki, na valvu ziko karibu sana nazo. Kila sehemu ya milimita inayokwanguliwa kwenye hedi inazileta valvu karibu zaidi. Kwa hiyo viti vya valvu vishushwe kwa kiasi kilekile, na zile chemba zikaguliwe zisichomoze. Fundi mashine akikuambia hilo si lazima, tafuta mwingine. Na bloki nayo ipimwe kwa rula ileile, ikiwa garini. Hilo ndilo husahaulika.

Wakati hedi iko kwa fundi mashine, fundi wako apime pistoni zinachomoza kiasi gani kwa dayo geji, ile saa ya kupimia sehemu ndogo za milimita. Kipimo hicho ndicho kinachochagua gasketi. Za familia hii ya injini zinakuja kwa unene tofauti, zimekatwa alama B, D na F pembeni, B ikiwa nyembamba kuliko zote. Ukienda dukani ukasema tu "nipe gasketi ya 3L", utapewa iliyopo. Nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kugusa. Nene kuliko inavyotakiwa, kompresheni inashuka na gari linakuwa gumu kuwaka kwenye baridi yenu. Ningependa sana kujua ile ya kwanza iliwekwa ya alama gani.

Usafishaji wa bloki ufanywe kwa kikwangulio na uvumilivu. Grainda yenye brashi au sandpepa inachimba chuma, na vumbi lake likiingia kwenye oili linakula bearing. Matundu ya bolti yapulizwe hewa hadi yakauke kabisa. Bolti ikishuka kwenye tundu lenye maji au oili chini, inasukuma kimiminika hicho, spana inasema imekaza kumbe haijabana hedi, na mara nyingine bloki inapasuka. Gasketi ilazwe kavu, bila silikoni ya aina yoyote juu yake. Bolti mpya kama zinapatikana, maana za zamani zimekwisha kuvutwa mara mbili. Nyuzi zake na chini ya kichwa zipakwe oili kidogo.

Kukaza ni kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si kwa nguvu ya mkono wala kwa bomba refu. Kuanzia bolti za katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi zote zifike Nm 78. Kisha kila kichwa cha bolti kinawekwa alama ya rangi upande wa mbele, zote zinazungushwa nyuzi 90 kwa mpangilio uleule, halafu nyuzi 90 nyingine, hivyo alama zote zinaishia kutazama nyuma. Ukifika gereji ukakuta alama za rangi zinatazama nyuma, umejua kazi imefanyika. Usipokuta alama, uliza.

Mkanda wa taimingi, unaozungusha valvu kwa kufuata pistoni, uwe mpya wakati huohuo, kwa kuwa umeshafunguliwa na ukikatika valvu zitagonga pistoni. Tapeti zisetiwe, yaani nafasi za valvu zirekebishwe. Oili na filta vibadilishwe, na vibadilishwe tena baada ya kilomita 500 hivi ili mabaki ya maji yatoke. Maji safi na kulanti nusu kwa nusu, yakijazwa taratibu huku hita ya ndani ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, hewa itoke. Zile dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa kwenye rejeta usiziruhusu. Haziwezi kuzuia presha ya silinda, na zinaziba mabomba ya rejeta uliyotoka kuisafisha.

Injini ya mtumba itakuwa uamuzi sahihi katika hali tatu: bloki ina ufa, silinda zote nne ziko chini ya 20 na kifuniko cha oili kikifunguliwa moshi unasukumwa nje kwa nguvu, au hedi ina ufa na bei ya hedi pamoja na kazi inakaribia bei ya injini nzima. Hata hapo, injini hiyo ipimwe kompresheni kabla ya kulipia, na rejeta, kifuniko, thamostati na feni vishughulikiwe kabla haijawashwa.

Dereva wako usimfukuze. Mwambie hivi. Kutoka Ruaha Mbuyuni aingie mlimani na gia ndogo mapema, injini izunguke, kwa sababu feni na wota pampu zinategemea mzunguko huo. Mshale ukivuka mahali ulipozoea kukaa, afungue hita ya ndani yote na atafute pa kuegesha salama, si kwenye kona. Kama maji hayajamwagika, aache injini silensa feni izidi kupuliza. Kama yamemwagika, au mshale umeanguka ghafla, azime palepale. Kifuniko asikiguse hadi mpira wa juu uwe laini mkononi, kwa sababu mvuke huo umewaunguza wengi nyuso. Na maji ya baridi yasimiminwe kwenye injini ya moto: hedi iliyokuwa imepinda tu inaweza kupata ufa dakika hiyo.

Ukishapata namba nne za kompresheni, kipimo cha usawa wa hedi na bloki, na picha ya gasketi iliyotoka pande zote mbili, nitumie kabla hujalipia chochote. Picha ipigwe karibu, kwenye mwanga wa jua, mchirizi wa masizi uonekane, na alama ya herufi pembeni isomeke.